Siku za Kabla ya Hedhi na Uzito wa Korona

Jumapili ya Machi 15, 2020, siku mbili baada ya Wizara ya Afya kutangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya, Rais Uhuru Kenyatta aliagiza shule zote zifungwe. Za kutwa zilifunga kesho yake. Za bweni zikapewa hadi Jumatano. Wasichana wa Kaunti ya Taita Taveta waliokuwa wakisoma milimani, pande za Wundanyi na Bura, waliteremka na masanduku yao hadi Mwatate, Voi, Maungu na Taveta, wakiamini wanakwenda likizo fupi. Watahiniwa wa Kidato cha Nne walirudi darasani Oktoba 12. Waliobaki, Kidato cha Kwanza hadi cha Tatu, hawakurudi mpaka Januari 4, 2021. Msichana mwenye mzunguko wa siku 28 huingia mwezini mara kumi katika muda huo, na kila mara hutanguliwa na siku kadhaa ambazo ndizo habari ya makala haya.

Siku hizo wengi wanazijua hata kama hawazitaji. Wiki moja au siku chache kabla ya damu kuonekana, matiti huuma yakiguswa, tumbo hujaa, kichwa hugonga, usingizi hukatika au huzidi, na hamu ya vitu vitamu haishi. Moyoni nako huingia hasira isiyopiga hodi, kilio cha karibu, wasiwasi, na kutotaka kuonwa na mtu. Damu ikianza kutoka, ndani ya siku mbili tatu mzigo hushuka. Mabwenini wasichana huiita hali hii PMS, aghalabu kwa mzaha, na wavulana nao wamelidaka neno hilo na kulifanya tusi la kumtupia msichana yeyote aliyekasirika.

Wanawake wengi huonja kiasi fulani cha dalili hizi na maisha yakaendelea. Wachache hulemewa. Na kuna kundi dogo ambalo kwalo hali hufikia kiwango cha ugonjwa kamili. Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kiliuingiza katika mwongozo wake wa mwaka 2013, ukiwekwa pamoja na magonjwa ya sonona. Uchambuzi wa watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford uliochapishwa mwaka 2024, ukijumlisha tafiti za nchi mbalimbali, ulikuta kwamba katika jamii wanaothibitishwa kuwa na ugonjwa huo kwa kumbukumbu za kila siku ni takriban asilimia 1.6. Watu wasipofuatiliwa kwa muda wa kutosha, hesabu hiyo hupanda hadi asilimia 7.7. Pengo kati ya tarakimu hizo mbili tuliweke akilini, maana tutalihitaji mbele.

Je, miezi ya korona ilizifanya siku hizi kuwa nzito zaidi kwa wanafunzi? Jibu langu ni kwamba upo uhusiano, na unaelezeka, ila haupiti njia ambayo watu wengi hudhani. Ili kuuona, tuanzie mwilini.

Katikati ya mzunguko yai hupevuka na kutoka kwenye ovari. Sehemu lilimotoka hubaki ikitengeneza homoni iitwayo projesteroni, ambayo hupanda kwa siku kadhaa. Mimba isipotunga, homoni hiyo huporomoka pamoja na mwenzake estrojeni, na hedhi huja. Sasa projesteroni ikivunjwavunjwa hutoa kemikali nyingine, alopregnanoloni, ambayo hufika ubongoni na kushika vipokezi vilevile vya utulivu vinavyoshikwa na pombe na baadhi ya dawa za usingizi. Kwa watu wengi matokeo yake ni kutulia. Kwa wengine ubongo huipokea kinyume: mahali pa utulivu huja wasiwasi na ukali. Serotonini, kemikali ya ubongo inayohusika na hali ya moyo na usingizi, nayo huyumba katika siku hizo.

Mtu akisikia hivyo hudhani kwamba anayeumia ana homoni nyingi kupita wenzake. Dhana hiyo ilipimwa. Mwaka 1998 Peter Schmidt, David Rubinow na wenzao katika Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani walichapisha jaribio ambalo mpaka leo ndilo msingi wa fani hii. Waliwapa wanawake dawa ya kuzima ovari kwa muda. Kwa wengi waliokuwa wakilemewa, dalili zilipungua sana. Kisha wakawarudishia homoni kwa kiwango cha kawaida. Waliokuwa na historia ya kuumia waliumia tena. Wale wasiokuwa na historia hiyo, waliopewa homoni zilezile kwa kiwango kilekile, hawakuona kitu. Mvua ni ileile. Mabati ndiyo yanayotofautiana.

Hapo ndipo msongo wa mawazo unapoingia. Mtu akiwa katika hofu ya muda mrefu, sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi huamuru mwili utoe kotisoli, homoni ya tahadhari. Alopregnanoloni, ileile ya siku za kabla ya hedhi, ni mojawapo ya vitu ambavyo mwili huvitumia kujirudisha kwenye utulivu baada ya kishindo. Kishindo kimoja kikipita, mambo hukaa sawa. Vishindo vikifuatana kwa miezi, mfumo wenyewe wa kujituliza hubadilika, na ubongo unaoishi katika tahadhari huwa mwepesi wa kuyumbishwa na mabadiliko ya homoni ambayo zamani uliyahimili. Kwa hiyo msongo hauzalishi siku za kabla ya hedhi. Unayaondolea mabati misumari.

Ushahidi ulio karibu zaidi na wanafunzi wa umri huu unatoka Sendai, mji wa kaskazini-mashariki mwa Japani. Machi 11, 2011 eneo hilo lilipigwa na tetemeko kubwa la ardhi na tsunami. Miezi tisa baadaye daktari Takashi Takeda na wenzake waliwahoji wasichana wa shule ya upili kuhusu mambo mawili: dalili zao za kabla ya hedhi, na alama za kiwewe kilichoachwa na janga lile. Waliobeba kiwewe kizito zaidi ndio waliokuwa na dalili nzito zaidi. Korona ilipokuja, Takeda alirudi kwa wanafunzi wa Sendai mnamo Desemba 2020 na swali kama hilo, safari hii kiwewe kikiwa cha janga la maradhi. Mwelekeo ulikuwa uleule.

Matokeo hayo yasomwe kwa uangalifu, maana wengine wameyasoma kwa pupa. Utafiti unaouliza mambo mawili siku moja hauwezi kusema lipi lilimzaa mwenzake. Yawezekana kiwewe kilizidisha dalili. Yawezekana pia msichana ambaye kila mwezi hupitia wiki ya giza aliipokea korona kwa hofu kubwa kuliko wenzake. Au vyote viwili vina mzazi mmoja, kama vile nyumba yenye ugomvi au usingizi mbovu wa miaka. Kinachobaki imara ni hiki: vitu hivi huandamana, na anayeshughulikia kimoja bila kukitazama kingine ameona nusu tu ya msichana aliye mbele yake.

Sasa tuje nyumbani, maana neno msongo ni tupu mpaka tuseme ni msongo wa nini.

Taita Taveta haikuwa miongoni mwa kaunti zilizofungiwa mipaka Aprili 2020. Iliwekwa katikati. Nairobi ilifungwa Aprili 6, Mombasa, Kilifi na Kwale Aprili 8, na Voi iko kwenye barabara kuu inayounganisha miji hiyo miwili mikubwa. Familia nyingi za Kitaita zina baba au mama anayefanya kazi Mombasa. Ghafla mpaka wa Kwale ukawa ukuta, na aliyekuwa akija nyumbani mwisho wa mwezi akabaki huko hadi Julai. Treni ya abiria ya SGR inayosimama Voi ilisitishwa Aprili na kurudi Julai 13. Malori hayakusimama. Madereva waliendelea kupita Voi na kuvuka Taveta kwenda Holili, upande wa Tanzania, na katika wiki zile dereva wa lori alitazamwa kama ugonjwa wenyewe unaotembea. Msichana ambaye baba yake ni dereva, au mama yake anauza chakula kando ya barabara pale Maungu, alikuwa na sababu mbili za kuogopa: maradhi, na macho ya majirani.

Kisha pesa. Mbuga za Tsavo Mashariki na Magharibi zimeshika sehemu kubwa ya ardhi ya kaunti hii, asilimia 62 kwa hesabu inayotajwa mara nyingi. Ndege za watalii ziliposimama, hoteli na kambi zilipeleka wafanyakazi nyumbani, na pamoja nao wakaenda waongoza watalii, wauza vinyago, wafua nguo na wakulima wa milimani waliokuwa wakiziuzia hoteli mboga. Mwishoni mwa 2020 mvua nazo zikaanza kukosa, na ukame ukaendelea hadi 2022. Anayeishi kandokando ya Tsavo anajua ukame huleta nini kingine: ndovu shambani, usiku, wakati kafyu ya korona ilimkataza mtu kutoka nje kuomba msaada.

Nayataja haya kwa urefu kwa makusudi. Ukiandika kwenye daftari la zahanati kwamba msichana ana "msongo", umemwandika kama mwenye kasoro. Ukiandika kwamba hoteli aliyofanya kazi mama yake imefungwa na wanakula mara moja kwa siku, umeandika sababu.

Msongo wa namna hii huufikia mzunguko kwa njia za kawaida kabisa. Usingizi: nyumba ya chumba kimoja, watu wote ndani kuanzia saa moja jioni, simu inayowaka hadi usiku wa manane. Chakula: chai ya rangi na sukari asubuhi, mlo mmoja jioni. Mwili kutotembea: aliyekuwa akipanda mlima kila siku kwenda shule sasa ameketi. Kila kimoja kati ya hivi kinajulikana kuzidisha dalili za kabla ya hedhi hata pasipo janga. Na faragha, ambayo hakuna anayeipima. Bwenini msichana akitaka kulia ana kona yake na rafiki yake. Nyumbani kwenye kaka wawili, wajomba na bibi, hata kulala mchana kunahitaji maelezo.

Yako pia maji. Chemchemi za Mzima ziko ndani ya Tsavo Magharibi, katika kaunti hiihii, na bomba lake limepeleka maji Mombasa tangu miaka ya 1950, huku wakazi wa Voi wakiendelea kulalamikia mifereji mikavu. Mwaka 2020 serikali ilisema nawa mikono kila mara. Nyumba inayonunua maji kwa mtungi ilibidi ichague, na haja ya msichana ya kuosha nguo na kujisafisha haikuwa ya kwanza kwenye foleni.

Sodo nazo zilikuwa shuleni. Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye sodo mwaka 2004, na mwaka 2017 ikapitisha marekebisho ya Sheria ya Elimu ya Msingi yanayoitaka serikali iwape wanafunzi wa kike sodo bila malipo. Sheria nzuri, lakini mlango wake wa kugawia ulikuwa shule, na mlango huo ulifungwa Machi. Mtu atauliza: sodo zinahusu nini na hasira ya kabla ya hedhi? Zinahusu kungojea. Msichana anayejua kwamba wiki ijayo atatokwa na damu na hana kitu cha kujistiri, na kwamba itambidi amwombe shangazi au mvulana fulani pesa, huanza kuumia kabla mwili haujaanza. Hofu hiyo huangukia siku zilezile ambazo ubongo tayari umelegea.

Kufikia hapa msomaji anaweza kuona kama hesabu imekamilika: janga, msongo, dalili zaidi. Lakini mwili wa msichana wa miaka kumi na minne una kipingamizi chake, na ndicho sehemu ya mjadala huu inayonivutia kuliko zote.

Dalili za kabla ya hedhi zinahitaji yai lipevuke. Bila yai, projesteroni haipandi, na bila projesteroni kupanda na kushuka hakuna mzunguko wa dalili. Katika miaka ya kwanza baada ya kuvunja ungo, miezi mingi hupita bila yai kutoka. Ndiyo maana kwa wasichana wa umri huo mzunguko wa siku 21 hadi 45 huhesabiwa kuwa wa kawaida. Zaidi ya hapo, msongo mkali na njaa huweza kuizuia haipothalamasi isitoe amri ya kupevusha yai. Hivyo msongo uleule unaoweza kuzidisha dalili kwa msichana wa Kidato cha Nne mwenye mzunguko uliotulia, unaweza kuchelewesha au kuruka hedhi nzima kwa mdogo wake wa Kidato cha Kwanza.

Na hedhi iliyochelewa mwaka 2020 haikuwa jambo dogo. Juni mwaka huo magazeti na redio zilijaa habari za karibu wasichana 4,000 wajawazito katika Kaunti ya Machakos ndani ya miezi mitano. Tarakimu hiyo ilibishaniwa sana, lakini kila mzazi aliisikia. Hofu yenyewe haikuwa ya bure: utafiti uliofanywa Siaya na kuchapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba wasichana wa shule za upili za kutwa waliopitia kufungwa kwa shule walikuwa na hatari maradufu ya kupata mimba kabla ya kumaliza shule, na mara tatu ya kuacha masomo, kuliko waliomaliza kabla ya korona. Sasa mfikirie yule ambaye hajamjua mwanamume, hedhi yake imechelewa wiki tatu kwa sababu ya njaa na wasiwasi, na mama anahesabu siku kwa jicho la pembeni. Hasira na kilio chake katika wiki hizo vinafanana kabisa na dalili za kabla ya hedhi. Lakini sizo. Ni msichana anayeshukiwa.

Tunahitaji basi kutenganisha mambo matatu yanayotupwa kapu moja. Kuna maumivu ya tumbo yanayokuja pamoja na damu: hayo husababishwa na prostaglandini, kemikali zinazoubana mji wa mimba, na ndiyo maana dawa za aina ya ibuprofeni, zinazozuia kemikali hizo, huyatuliza vizuri kuliko panadoli ambayo matroni huwa nayo mezani, mradi mhudumu wa afya awe amethibitisha kwamba msichana hana vidonda vya tumbo wala pumu inayochochewa na dawa hizo. Kuna hedhi iliyochelewa au kuruka. Na kuna dalili za kabla ya hedhi zenyewe, zinazokuja na kuondoka kwa mpangilio. Shule nyingi huyapa yote matatu dawa moja na maneno mawili: vumilia, utazoea.

Liko na la nne, ambalo korona ilililetea mafuriko. Ni huzuni au hasira isiyofuata mzunguko wowote. Msichana aliyenuna siku ya tano baada ya hedhi na akanuna vilevile siku ya ishirini na tano hana tatizo la homoni. Huenda ana sonona, huenda anapigwa, huenda kuna mtu mzima anayemsumbua usiku. Kumwambia "hizo ni homoni zako" ni kumfungia mlango. Ninaona hatari hii kuwa kubwa kuliko ile ya kupuuza dalili za kabla ya hedhi, kwa sababu inavaa joho la sayansi. Hata yule ambaye dalili zake ni za mzunguko kweli, mara nyingi anachokisema katika wiki ile ya ukali ni jambo la kweli ambalo wiki nyingine hukosa ujasiri wa kulisema.

Unatofautishaje? Kwa kalamu. Hakuna kipimo cha damu cha dalili hizi. Hata madaktari bingwa hutegemea kumbukumbu ya kila siku kwa mizunguko miwili mfululizo. Hili ndilo linaloeleza pengo tuliloliweka akilini, la asilimia 1.6 na 7.7. Mtu akiulizwa mwishoni mwa mwezi mbaya, kumbukumbu huunganisha siku zake zote mbovu na hedhi. Akiandika jioni kwa jioni, picha hujitokeza ilivyo. Daftari la mazoezi linatosha: tarehe, alama ya siku za damu, na namba kutoka moja hadi sita kwa hasira, huzuni, wasiwasi, usingizi, maumivu. Muhula wa shule Kenya hutosha mizunguko miwili na kubakisha. Baada ya hapo hata mtu asiye daktari anaweza kuona kama mawimbi yanafuata hedhi au yanafuata mitihani, au yanafuata siku ambazo baba yuko nyumbani.

Zamani kazi ya kumweleza msichana mwili wake haikuachiwa bahati. Huku pwani alikuwako somo, au kungwi, mwanamke mzima asiye mama mzazi, ambaye mwali aliweza kumuuliza chochote bila haya. Si yote aliyofundishwa yalikuwa ya kutamaniwa, lakini ile nafasi, ya mtu mzima wa kuaminika nje ya mzazi, haijapata mrithi kamili. Mwalimu wa ushauri nasaha ndiye aliye karibu zaidi, na mara nyingi huyohuyo anafundisha Hisabati, anasimamia bweni na ana wanafunzi mia kadhaa.

Shule zilipofunguliwa, mzigo haukutuliwa, ulibadilishwa bega. Ili kufidia muda uliopotea, Wizara ya Elimu chini ya Profesa George Magoha ilibana kalenda. Mwaka wa masomo wa 2021 ulianza Julai 26, wa 2022 ukaanza Aprili 25, na kalenda ya kawaida haikurudi mpaka Januari 2023. Likizo zikawa za siku chache. Mtihani wa KCSE ulifanywa Machi na Aprili 2021, ukaja tena Machi 2022, ukaja tena Novemba na Desemba mwaka huohuo: vizazi vitatu vya watahiniwa katika muda wa chini ya miaka miwili. Oktoba na Novemba 2021 mabweni yaliungua sehemu nyingi za nchi, hadi serikali ikaongeza mapumziko ya katikati ya muhula kuanzia Novemba 19 hadi 23. Waziri alipotoa zile siku alikuwa, kwa vitendo, amekiri kwamba wanafunzi wamechoka.

Kwa habari yetu hii, kalenda iliyobanwa ina maana moja mahususi. Muhula wenye nafasi humruhusu msichana kuwa na wiki mbaya na wiki nzuri ya kufidia. Muhula uliosongwa na mitihani ya majaribio kila baada ya wiki mbili haumpi wiki ya kufidia. Dalili zinaweza kubaki zilezile na bado gharama yake ikapanda.

Na tiba? Ipo, na sehemu yake kubwa ni ya bei nafuu. Usingizi wa saa nane, kutembea au kukimbia mara kadhaa kwa wiki, kupunguza chai kali na kahawa kama zinakata usingizi, kula kidogo kidogo mara nyingi pale chakula kinapopatikana. Mwaka 1998, jaribio kubwa la Susan Thys-Jacobs na wenzake Marekani liliwapa wanawake miligramu 1,200 za kalsiamu kila siku. Kufikia mzunguko wa tatu dalili zilikuwa zimepungua kwa asilimia 48. Waliopewa vidonge vitupu walipata nafuu ya asilimia 30. Tofauti ni ya kweli, lakini ile 30 nayo inafundisha: kufuatiliwa kwa makini na kutumaini nafuu vina nguvu yake. Waliojaribiwa walikuwa watu wazima na dawa ilikuwa vidonge, kwa hiyo mzazi asikimbilie duka la dawa. Lakini maziwa, dagaa wanaoliwa na mifupa yao, na mboga za majani zinazolimwa Wundanyi na Ngerenyi kwa kawaida havimdhuru msichana. Kwa wale wanaolemewa kweli, mazungumzo ya kitaalamu na dawa za kuinua serotonini zimethibitika kusaidia, na hizo ni za daktari kuamua.

Shule nazo zina la kufanya ambalo halihitaji bajeti. Mwalimu mkuu anaweza kuruhusu msichana aliyeandika daftari lake alale dakika arobaini katika chumba cha wagonjwa bila kuitwa mvivu. Anaweza kuhakikisha sodo ziko mahali ambapo haziombwi mbele ya wavulana. Anaweza pia kuwafundisha wavulana hao jambo hili darasani, kwa uzito uleule wa somo la figo. Na kaunti ikipanga dharura nyingine, iwe ya maradhi, ukame au mafuriko, iandike mapema sodo zitagawiwa wapi shule zikifungwa: zahanati, ofisi ya chifu, kanisani, msikitini. Mwaka 2020 tulijifunza kwamba kugawia shuleni pekee hakutoshi.

Wewe mzazi au mwalimu unayesoma haya, mpe binti daftari, usilisome bila ruhusa yake, na mpe wiki nane. Lakini akitaja kufa, iwe kabla ya hedhi au baada yake, iwe kwa kilio au kwa mzaha, usingoje daftari lijae. Mpeleke siku hiyohiyo Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Moi pale Voi au kituo cha afya kilicho karibu nawe, au piga simu 116 ya watoto au 1199 ya Msalaba Mwekundu; zote mbili ni bure.